Alama Ndani ya Matini: Taipu, Karatasi na Wiki katika Historia ya Kitale na Bungoma

Ukurasa wa wiki, yaani ukurasa wa intaneti ambao wasomaji wenyewe wanaweza kuufungua, kuusahihisha na kuuhifadhi upya, huanza kama mfuatano wa herufi zenye ukubwa mmoja na unene mmoja, na mwandishi hutia ndani yake alama chache za kawaida ili programu ijue ni maneno yapi yawe mazito, yapi yalazwe, mstari upi uwe kichwa cha sehemu na jina lipi liwe kiungo cha kwenda ukurasa mwingine. Alama hizo, ambazo hapa zitaitwa alama za umbizo, huelezwa mara nyingi kuwa uvumbuzi wa wataalamu wa kompyuta wa Marekani wa miaka ya 1990, na kwa upande wa programu maelezo hayo ni sahihi. Hata hivyo, desturi ya kuandika maneno pamoja na maagizo ya namna ya kuyaonyesha ni ya zamani zaidi, na katika miji ya Kitale na Bungoma, magharibi mwa Kenya, ilitanguliwa na lebo za makumbusho, kumbukumbu za mbegu, taipureta na stensili. Kwa hiyo wiki ilipofika ilikuta tatizo ambalo ofisi na shule za huko zilikuwa zimekwisha kulizoea, yaani namna ya kutofautisha maneno kwa chombo chenye herufi za aina moja tu, na jambo ambalo wiki ililibadilisha kweli ni nani anayeisoma alama na nani anayeruhusiwa kuiandika.

Mstari chini ya neno

Kitale ilikua kama mji wa walowezi wa Kizungu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na reli ilipoufikia katikati ya miaka ya 1920 ukawa kituo cha kusafirishia mahindi ya eneo la Trans Nzoia. Mwaka 1926 Luteni Kanali Hugh Stoneham, mlowezi aliyependa kukusanya vipepeo, wadudu wengine, ndege na vitabu, alianzisha huko makumbusho yake binafsi, na katika miaka ya 1930 makumbusho hayo yalikuwa na jarida lake ambalo lilichapisha maelezo ya vipepeo waliopewa majina mapya ya kisayansi. Stoneham alifariki mwaka 1966, na mkusanyiko wake ukawa msingi wa makumbusho ya taifa yaliyofunguliwa Kitale mwaka 1974, ya kwanza ya aina hiyo katika bara la Kenya nje ya Nairobi.

Kazi ya aina hiyo haiwezi kufanyika bila kanuni za umbizo, kwa sababu wanasayansi wamekubaliana kwamba jina la Kilatini la jenasi na spishi liandikwe kwa italiki, yaani herufi zilizolazwa kuelekea kulia, ili litengwe na maneno ya kawaida yanayolizunguka. Mtu anayeandika lebo kwa kalamu hana herufi za italiki, na mwenye taipureta ya kawaida hana pia, hivyo wote wawili hupiga mstari chini ya jina. Mstari huo ulikuwa na maana kamili katika kazi ya uchapaji, ambamo mhariri aliyeandaa muswada alipiga mstari mmoja kudai italiki, mistari miwili kudai herufi kubwa zenye kimo cha herufi ndogo, mistari mitatu kudai herufi kubwa kamili, na mstari wa mawimbi kudai herufi nzito. Mpanga chapa alipoona mstari hakuuchapa, bali aliutii, akachukua herufi za italiki kutoka kwenye kasha lake. Mstari ulikuwa agizo lililoandikwa mahali pale pale penye neno, likakusudiwa kutoweka baada ya kutekelezwa, na hiyo ndiyo sifa inayoitambulisha alama yoyote ya umbizo hadi leo.

Kanuni hiyo ilihitajika pia katika utafiti wa mahindi, ambao uliipatia Kitale jina kubwa kuliko vipepeo. Kampuni ya Mbegu ya Kenya ilianzishwa mjini humo mwaka 1956, wakati ambapo kituo cha utafiti cha serikali kilikuwa kimekwisha kuanza kazi ya kuboresha mahindi, na mwaka 1964 wakulima walipata mbegu chotara ya H611, iliyotokana na kuzalishwa pamoja kwa mahindi ya Kitale Synthetic II na mahindi ya asili ya Ecuador yaliyoitwa Ecuador 573. Ripoti za kazi kama hiyo huhitaji kutofautisha mambo matatu yanayofanana machoni, yaani jina la kisayansi la mmea mzima, *Zea mays*, ambalo hulazwa, jina la aina ya mbegu, ambalo halilazwi, na namba ya chotara, ambayo ni msimbo tu. Msomaji asiyeona tofauti hizo katika maandishi anaweza kudhani kwamba H611 ni spishi nyingine ya mmea, na hapo umbizo huacha kuwa pambo, likawa sehemu ya maana yenyewe.

Taipureta, stensili na karatasi ya Webuye

Upande wa Bungoma, ambako wilaya ya Elgon Nyanza iliundwa mwaka 1956 kabla ya kuitwa wilaya ya Bungoma, maandishi mengi ya kila siku hayakutoka kwenye utafiti bali kwenye utawala, mahakama, makanisa, vyama vya ushirika na shule. Chombo chake kikuu kilikuwa taipureta, na pamoja nayo ilikuja taaluma ya wapiga taipu ambayo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ilifundishwa katika vyuo vya uhazili, ikatahiniwa, na baadaye ikaingia hata katika masomo ya sekondari. Katika miji ya Kenya taaluma hiyo ilitoka nje ya ofisi pia, kwa kuwa wapiga taipu waliweka mashine zao kwenye veranda karibu na mahakama na ofisi za wilaya, wakawaandikia wananchi barua, viapo na maombi ya kazi kwa malipo ya kila ukurasa.

Mpiga taipu alijifunza mapema kwamba mashine ina seti moja ya herufi, na kwamba kila tofauti ya sura lazima itengenezwe kwa mbinu. Kichwa cha habari kiliandikwa kwa herufi kubwa tupu na kuwekwa katikati kwa hesabu: mwandishi alihesabu herufi za kichwa, akazitoa katika jumla ya nafasi za mstari, akagawanya kwa mbili, kisha akasogeza rola nafasi hizo kabla ya kuanza. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu kila herufi, iwe i au m, ilichukua upana uleule, yaani herufi 10 kwa inchi katika mashine za ukubwa wa pica na 12 katika zile za elite. Neno la kusisitizwa lilirudiwa kwa kurudisha rola nyuma na kupiga herufi zilezile juu ya zile za kwanza ili wino ukolee, au lilipigiwa mstari chini yake kwa kitufe cha kistari cha chini. Orodha ilianza kwa vistari au vinyota, na sehemu mbili za waraka zilitengwa kwa safu ya vistari au ya alama za usawa iliyopita kutoka ukingo hadi ukingo. Kila moja ya mbinu hizo ina mwenzake kwenye ukurasa wa wiki wa leo, jambo lisiloshangaza, kwa kuwa waliobuni alama za wiki walikuwa na kibodi iliyorithi vitufe vyake kutoka kwenye taipureta.

Katika shule mbinu hizo zilikutana na stensili, yaani karatasi laini iliyopakwa nta ambayo hupigwa taipu bila utepe wa wino ili herufi zitoboe nta, kisha hufungwa kwenye mashine ya kurudufu ambayo hupitisha wino katika matundu hayo na kutoa nakala nyingi, kazi ambayo Wakenya wengi waliiita kusaiklostaili. Stensili haikusamehe makosa, kwa sababu kila kosa lilihitaji kuzibwa kwa dawa maalumu na kusubiriwa likauke, na mstari uliopigwa kwa nguvu chini ya neno uliweza kuichana karatasi nzima. Mtihani wa muhula uliotolewa kwa njia hiyo ulionyesha kwa hiyo umbizo lenye ubahili wa makusudi, lenye vichwa vya herufi kubwa, namba za maswali na mistari michache, kwa sababu kila alama ilikuwa na gharama.

Mahitaji hayo yote yalikula karatasi, na Bungoma ilikuwa na nafasi ya pekee katika bidhaa hiyo. Kiwanda cha Pan African Paper Mills kilijengwa Webuye, mji uliojulikana zamani kama Broderick Falls, kwa ubia wa serikali ya Kenya, kundi la Birla la India na Shirika la Fedha la Kimataifa, kikaanza kuzalisha mwaka 1974 kwa kutumia miti ya mashamba ya misitu na maji ya Mto Nzoia. Kwa miongo mitatu na zaidi sehemu kubwa ya karatasi za kuandikia za Kenya zilianzia hapo, hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2009 kwa uzito wa madeni na gharama za umeme. Mwaka huohuo nyaya za mawasiliano za chini ya bahari za TEAMS na SEACOM zilifika Mombasa, na ingawa matukio hayo mawili hayakusababishana, kuandamana kwake kunaashiria vizuri wakati ambapo maandishi ya magharibi mwa Kenya yalianza kupungukiwa na karatasi na kuongezewa intaneti.

Mashine inayosoma alama

Wakati taipureta ikitawala Bungoma, wataalamu wa kompyuta walikuwa wakikabili tatizo lilelile kwa vifaa vingine. Mwaka 1964 Jerome Saltzer wa Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts aliandika programu ya RUNOFF, ambamo mwandishi alitia ndani ya matini mistari mifupi iliyoanza kwa nukta, na kila mstari kama huo ulikuwa agizo kwa mashine, kwa mfano la kuanza aya au kufungua ukurasa mpya. Mwaka 1969 Charles Goldfarb na wenzake katika kampuni ya IBM walianza kutengeneza lugha ya umbizo iliyotaja kazi ya kila sehemu ya waraka badala ya sura yake, na wazo hilo likazaa HTML, lugha ambayo Tim Berners-Lee aliitumia kujenga kurasa za kwanza za wavuti mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mpanga chapa wa zamani alikuwa amepata mrithi, kwa maana msomaji wa alama sasa alikuwa programu, ambayo haichoki lakini pia haikisii pasipo kanuni iliyowekewa.

HTML ilikuwa nzito kwa mtu asiye mtaalamu, kwa sababu kila umbizo lilihitaji kufunguliwa na kufungwa kwa maneno ya Kiingereza yaliyofupishwa ndani ya mabano yenye pembe. Ward Cunningham, mtengenezaji programu wa Portland, Oregon, alipozindua wiki ya kwanza mwezi Machi 1995, alipunguza mzigo huo kwa kuchagua alama zilizokuwa tayari kwenye kila kibodi: ritifaa mbili kila upande wa neno zililaza herufi, ritifaa tatu zilizifanya nzito, na kinyota mwanzoni mwa mstari kilianzisha orodha. Wikipedia ilipoanza tarehe 15 Januari 2001 ilitumia programu ya UseModWiki ya Clifford Adams, ambayo ilifuata kanuni za namna hiyo, na katika mwaka huohuo ikaongezewa mabano mawili ya mraba kwa ajili ya viungo, ili jina lolote liweze kuwa kiungo bila kulazimika kuunganisha maneno yake na kuchanganya herufi kubwa na ndogo. Programu mpya iliyoandikwa baadaye, ambayo sasa huitwa MediaWiki, ilizihifadhi alama hizo kwa sababu maelfu ya kurasa zilikuwa zimekwisha kuandikwa kwazo.

Mifano ya nyumbani huonyesha utaratibu huo waziwazi. Mwandishi wa ukurasa wa mahindi huandika ''Zea mays'', na msomaji huona jina lililolazwa pasipo ritifaa zozote, kama vile mstari wa lebo ulivyotoweka mikononi mwa mpanga chapa. Mwandishi wa ukurasa wa Ken Walibora, mwandishi aliyezaliwa Bungoma na kukulia Trans Nzoia, hulaza vilevile kichwa cha riwaya yake ya mwaka 1996, ''Siku Njema'', ambayo safari ya mhusika wake mkuu inafika Kitale. Sehemu ya ukurasa huo huanzishwa kwa mstari kama == Maisha ==, ambao sura yake inakumbusha safu za alama za usawa za mpiga taipu, na jina la mji likiandikwa [[Kitale]] huwa mlango wa ukurasa wa mji wenyewe, jambo ambalo taipureta haikuwa na njia ya kulifanya.

Kiswahili ndani ya mabano ya mraba

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na kadiri wachangiaji walivyotafsiri maneno ya programu, vitendo vya uhariri vilipata majina ya lugha hiyo. Kitufe cha kuanza kazi kiliitwa Hariri, makundi ya makala yakaitwa Jamii, fungu la maandishi linaloandikwa mara moja na kutumiwa katika kurasa nyingi likaitwa Kigezo, na makala fupi inayosubiri kukuzwa ikaitwa mbegu. Alama zenyewe, kwa kuwa ni ritifaa, vinyota na mabano, hazikuhitaji kutafsiriwa, na hapo zilimfaa mwandishi wa Kiswahili kuliko vifupisho vya HTML.

Kulikuwa na sehemu moja ambapo alama na lugha ziligongana. Kiswahili hutumia ritifaa katika ng', na vivyo hivyo majina ya mahali kama Sang'alo karibu na mji wa Bungoma, na ritifaa hiyohiyo ndiyo iliyofanywa alama ya kulaza na kukoza herufi. Ritifaa moja katikati ya neno haina athari, kwa sababu programu huanza kutenda inapokuta mbili au zaidi, lakini mwandishi anayetaka kulaza fungu linaloishia kwa ng' huishia na ritifaa tatu mfululizo ambazo zingeweza kusomwa kama agizo la kukoza. Waandishi wa MediaWiki waliweka kanuni ya kukisia, inayosema kwamba alama za kulaza na za kukoza zikiwa witiri zote mbili katika mstari mmoja, ritifaa mojawapo ihesabiwe kuwa herufi ya kawaida.

Wepesi wa alama ulikuwa na faida nyingine katika miji ambayo kabla ya 2009 ilitegemea laini za simu na setilaiti. Modemu ya simu ya kasi ya juu kabisa, kilobiti 56 kwa sekunde, haikuweza kupitisha zaidi ya herufi 7,000 kwa sekunde hata katika hali bora, na katika saiba, yaani duka la intaneti, mteja alilipia kila dakika. Matini yenye alama za wiki ni herufi tupu, hivyo makala ya herufi 4,000 haizidi kilobaiti chache, na iliwezekana kuiandika nje ya mtandao katika programu ya kawaida, kuibeba kwenye disketi, na kuibandika ukurasani kwa dakika chache za kulipia. Umaskini wa chombo, uliomlazimisha mpiga stensili kuwa mbahili, uligeuka kuwa sifa ya mfumo wenyewe.

Nchini Kenya wiki zilipata pia kazi nje ya ensaiklopedia. Mwanzoni mwa mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, maabara ya mtandaoni ya Minciu Sodas iliyoanzishwa na Andrius Kulikauskas wa Lithuania iliendesha juhudi iliyoitwa Piramidi ya Amani, iliyowaunganisha wapatanishi wa mashinani na wasaidizi wa mbali kwa simu, barua pepe, gumzo na kurasa za wiki. Mwishoni mwa 2009 kampuni ya Google ilifungua shindano la kuandika makala za Wikipedia ya Kiswahili kwa wanafunzi wa vyuo vya Afrika Mashariki, na kwa wengi wao sharti la kwanza lilikuwa kujifunza alama hizi. Mwezi Agosti 2025 Nairobi ilikuwa mwenyeji wa Wikimania, mkutano wa kila mwaka wa wachangiaji wa Wikipedia na miradi inayofanana nayo kutoka pande zote za dunia.

Kutoka ofisini hadi mkononi

Usahili wa alama za wiki una mipaka yake. Majedwali, marejeo na vigezo vilileta mabano ndani ya mabano, hata kurasa ndefu za chanzo zikawa ngumu kusomeka, na mwaka 2013 Wikipedia ikaanza kuwapa wahariri wengi kiolesura kinachoonyesha sura ya mwisho bila alama zozote, huku uhariri wa chanzo ukibaki kwa anayeutaka. Anayetumia kiolesura hicho hufanya kazi haraka zaidi, lakini hawezi kuona kwa urahisi kwa nini jedwali limeharibika, na mara nyingi humlazimu kurudi kwenye chanzo ili kulirekebisha.

Alama zenyewe, wakati huohuo, zilipata watumiaji wengi kwa njia nyingine. Mwaka 2016 WhatsApp iliruhusu maneno yaliyowekwa kati ya vinyota yawe mazito na yaliyowekwa kati ya vistari vya chini yalazwe, desturi iliyokuwa imetumika kwa muda mrefu katika barua pepe za herufi tupu. Mweka hazina wa chama anayetuma orodha ya michango, au katibu wa kamati ya mazishi anayetangaza ratiba, hukoza kichwa kwa vinyota na kupanga majina kwa namba, na kwa kufanya hivyo hutenda kazi ambayo zamani ilihitaji mashine, stensili na mtu aliyesomea uhazili.

Historia ya Kitale na Bungoma inaonyesha basi kwamba umbizo rahisi lilitokana na uhaba zaidi kuliko werevu wa programu, kwa maana kila alama ilibuniwa na watu waliokuwa na herufi za aina moja na haja ya kutofautisha mambo mengi. Mstari wa lebo ulisomwa na mpanga chapa peke yake, na mbinu za taipureta zilibaki mali ya waliopata mafunzo na kumiliki mashine, ambao mwananchi aliwalipa ili ombi lake lionekane la heshima ofisini. Wiki iliweka alama hizo wazi kwenye chanzo cha kila ukurasa, ambako yeyote anaweza kuzisoma, kuziiga na kuzisahihisha, na ikamwondolea mwandishi ulazima wa kumpitia mtaalamu. Ndiyo maana badiliko lake kubwa linafaa kupimwa kwa idadi ya watu walioacha kuwa wateja wa umbizo wakawa mafundi wake, zaidi ya kupimwa kwa uzuri wa kurasa.